Likizo ya kisiwani: panga siku zako na bahari, sio na ubao wa mapokezi

Watu wengi wakifika hoteli ya kisiwani wanaenda moja kwa moja kwenye ule ubao wa mapokezi, wanaona kuna snokeli (kuelea uso ndani ya maji na miwani na bomba la kupumulia), kayaki, safari ya pomboo, daivingi (kupiga mbizi na mtungi wa hewa), boti ya machweo, wanaanza kubuku moja moja kwa saa zinazowafaa wao, yaani baada ya chai, baada ya kulala mchana, kabla ya chakula cha usiku. Alafu saa tisa wanashuka ufukweni na miwani mkononi wanakuta maji yameondoka yako kule mbali, au yapo ila upepo umeyavuruga hata mkono wako huuoni. Hela imeenda, siku imeenda, na wanarudi kusema kile kisiwa hakina kitu. Kitu kipo, tena kibao, ila kila kitu kina saa yake na hiyo saa inapangwa na mwezi, upepo na jua. Ukishajua kuvisoma hivo vitatu hata siku nne zinatosha kufanya yote uliyotaka bila kukimbizana.

Hatua ya 1: kijue kisiwa kabla hujakata tiketi

Uliza mambo matatu. La kwanza, maji yanapanda na kushuka kiasi gani pale unapoenda, manake visiwa havifanani kabisa. Visiwa vingi vya Karibi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita, hapo unaweza kuogelea saa yoyote. Maldives ni kama mita 1. Pwani ya Afrika Mashariki siku za bamvua, yaani maji makubwa, inafika karibu mita 4, yaani pale ulipoogelea asubuhi mchana unapita kwa miguu. Na kuna Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, pale maji yanajaa karibu saa sita mchana na saa sita usiku kila siku, kwa sababu ya mahali kilipo, kujaa na kupwa kunakoletwa na mwezi ni kudogo sana pale na kule kwa jua ndo kunakotawala. Kwa hiyo ushauri wa mtu aliyezoea Karibi usiubebe kwenda nao Bahari ya Hindi.

La pili ni upepo. Hawaii na Karibi upepo mwingi unatoka mashariki na kaskazini mashariki, ndo maana upande wa mashariki wa visiwa unapigwa na mawimbi na upande wa magharibi umetulia. Bahari ya Hindi upepo unageuka kwa msimu, kuna kaskazi na kuna kusi, na ufukwe uliotulia Januari unaweza kuwa unachemka Julai. Ukiona picha nzuri ya hoteli usiulize tu ilipigwa wapi, uliza ilipigwa mwezi gani. Na dhoruba nazo zina kalenda yake: Atlantiki msimu wa harikeni unahesabiwa kuanzia Juni 1 mpaka Novemba 30, kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, kule Mauritius na Réunion, vimbunga ni kati ya Novemba na Aprili. Visiwa vilivyo karibu sana na ikweta vinaguswa na vimbunga mara chache mno.

La tatu, mwamba wa matumbawe uko umbali gani na bichi. Hoteli nyingine mwamba uko hapo mbele unauogelea mwenyewe, nyingine lazima upande boti kila siku. Hilo linabadilisha bajeti yako yote.

Hatua ya 2: siku ya kwanza usibuku kitu

Najua inauma, umelipia kila usiku na unataka kuanza. Lakini weka mabegi, vaa kandambili, nenda uombe jedwali la maji kujaa na kupwa la wiki hiyo. Mara nyingi linabandikwa kwenye banda la michezo ya maji, na kama halipo kuna programu za simu za bure zinalo. Lipige picha, alafu lisome hivi.

Sehemu nyingi maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku mambo yote yanasogea mbele kama dakika 50. Leo yakijaa saa tatu asubuhi, kesho ni saa nne kasoro dakika kumi, keshokutwa saa tano kasoro dakika ishirini, na baada ya wiki moja ile saa uliyoyakuta yamejaa ndo unayakuta yamekauka. Kwa hiyo mgeni aliyekutangulia akikwambia asubuhi ndo pazuri, alikuwa sahihi kwa wiki yake, ya kwako angalia jedwali.

Alafu angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, ndo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana na mikondo ina nguvu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Ukitaka kutembea juu ya mwamba uliokauka subiri bamvua, ukitaka kuogelea kwa utulivu na watoto maji mafu ni rafiki yako.

Kuna hesabu moja ya mabaharia ambayo ukiijua imekusaidia maisha. Tofauti ya maji igawe mafungu 12. Kuanzia yalipojaa, saa ya kwanza linashuka fungu 1, saa ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu ya maji yote inaondoka ndani ya saa mbili za katikati. Kama tofauti ya siku hiyo ni mita 3, basi mita moja na nusu inakimbia ndani ya masaa mawili, umesimama maji yako kifuani, ukija kushtuka uko kwenye mchanga. Yakirudi ni hivohivo, yanaanza polepole unayadharau, alafu yanakuja kwa kasi.

Maji yakipwa kwa mara ya kwanza ukiwa hapo, nenda kasimame mahali pa juu kidogo uangalie ufukwe wote. Hapo bahari inakuwa imekuonyesha kila kitu: mabaka meusi ni mawe au nyasi bahari, bluu nyepesi ni mchanga, na ule mstari wa bluu iliyoiva unaoelekea nje ni mfereji, ndo njia ya maji kutoka. Uweke akilini ule mfereji, tutaurudia. Na ukikutana na watu wa boti wasalimie kwanza vizuri, mpige stori kidogo, alafu uulize maji yakitoka mkondo unaelekea wapi na wageni huwa wanashikwa wapi. Dakika tano za mazungumzo na mtu anayeshinda majini zinazidi kipeperushi chochote cha hoteli.

Hatua ya 3: snokeli, na hapa usiwe na haraka

Mimi nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kufanya kisiwani nachagua hiki. Hakihitaji injini wala cheti, na ukikifanya kwa saa yake unaona mambo ambayo watu wengine wanayaona kwenye runinga tu.

Saa yake ni kuanzia saa moja kabla ya maji kujaa mpaka yakishajaa, hasa ikiangukia asubuhi kati ya saa tatu na saa tano. Kuna sababu. Maji yanayoingia yanatoka bahari kuu, ni masafi, yakitoka yanakokota vumbi la mchanga wa ufukweni. Yakiwa yamejaa pia unakuwa na nafasi ya kuelea juu ya matumbawe bila kuyagusa. Na asubuhi upepo wa baharini unakuwa haujaanza, huo unaamka jua likishapasha nchi kavu, unakolea alasiri.

Miwani kwanza. Usichukue ya kwanza unayopewa bandani. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua kidogo, achia mkono. Ikibaki imeng'ang'ania usoni hiyo ni yako, ikidondoka rudisha ujaribu nyingine, na usidanganyike kwamba kukaza mkanda kutasaidia, ukikaza sana ndo mpira unajikunja na maji yanaingia. Nywele zote zitoke nje ya mpira. Wenye masharubu wapake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo. Kabla ya kuingia tema mate kwenye kioo kwa ndani, sugua kwa kidole, suuza mara moja na maji ya bahari, haitaweka ukungu. Ile ya kufunika uso mzima siishauri, huwezi kuibana pua masikio yakiuma na likitokea la kutokea kuivua sio haraka kama kutema mpira wa bomba.

Mapezi ya miguuni vaa ukiwa ndani ya maji ya magotini, au tembea kinyumenyume. Kisha kaa kwenye maji ya kiunoni dakika kumi nzima, uso ndani, unapumua tu. Watu wanaruka hatua hii na ndo hao wanaopaniki kwenye kina. Pumua pole, vuta ndefu, toa ndefu, mpaka usahau kama unapumua kwa bomba. Maji yakiingia kwenye bomba yapulize kwa nguvu mara moja kama unazima mshumaa, yanatoka. Ujue pia chini ya maji kila kitu kinaonekana kikubwa zaidi kwa kama theluthi moja na kiko karibu kuliko ukweli, kwa hiyo yule papa mdogo uliyemwona ni mdogo zaidi ya hapo.

Kama kuogelea kwako ni kwa kubahatisha vaa boya la kifuani, hakuna aibu yoyote, na unaona samaki wengi zaidi kuliko yule anayepigana na maji. Usiende peke yako. Vaa tisheti ya mikono mirefu ya kuogelea, mgongo ukiwa juu ya maji unaungua bila kuhisi joto.

Ukishafika kwenye mwamba acha kuogelea. Elea. Mgeni anapita juu ya mwamba wote kwa dakika kumi anasema nimemaliza, wakati ukielea sehemu moja kwa muda samaki wanakuzoea na kuanza kurudi kwenye shughuli zao. Sikiliza pia, utasikia kitu kinagugunwa, kru kru kru, huyo ni pono anang'ata mwamba kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa ndege. Anatafuta mwani, jiwe analisaga, na dakika chache baadaye unamwona anaachia wingu jeupe nyuma yake. Huo ni mchanga. Pono mkubwa mmoja anatoa mamia ya kilo kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe unaotandikia taulo visiwa vingi imepita tumboni mwao. Chini kwenye nyasi bahari ukitulia unaweza kumkuta kasa anakula, anakata majani taratibu, kila baada ya muda anapanda kupumua. Akianza kupanda mpishe, njia ya kwenda juu ni yake, ukimzibia unamnyima hewa.

Na hapa naomba sana. Usisimame juu ya matumbawe hata kama yanaonekana mawe, ni wanyama hai. Yale ya mviringo makubwa yanakua milimita chache tu hadi sentimita moja au mbili kwa mwaka, pezi lako moja likivunja kipande cha ukubwa wa kichwa umevunja kazi ya miaka mingi mno. Tayari yana shida ya kutosha, Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka kwa sababu ya joto la bahari. Ukichoka tafuta mchanga usimame, au lala chali. Usiwape samaki mkate. Na krimu ya jua chagua isiyo na oksibenzoni wala oktinoksati, nchi ya visiwa ya Palau walipiga marufuku krimu zenye kemikali hizo kuanzia Januari 1, 2020 na Hawaii wakazuia kuuzwa kuanzia Januari 1, 2021, Palau zinaweza hata kuchukuliwa uwanjani.

Hatua ya 4: safari za boti za kuona wanyama

Kabla hujalipa uliza nahodha swali moja: tukiwakuta pomboo unafanyaje? Akikwambia tunawakimbiza mpaka mruke katikati yao, achana naye. Pomboo wengi wa visiwani wanawinda usiku na asubuhi wanakuja kwenye ghuba tulivu kulala, wanalala huku wanaogelea, na boti kumi zikiwazunguka siku nzima hawapumziki. Hawaii tangu 2021 ni kosa kuogelea au kusogea chini ya kama mita 45 kutoka kwa wale pomboo wanaojizungusha hewani. Nahodha mzuri anakaa pembeni, anapunguza injini, na mara nyingi wanyama wenyewe wanakuja.

Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, anakula vidudu vidogo na hana neno na mtu, ila mkia wake ni mkubwa. Kule Ningaloo, Australia, sheria ni mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, na watu wasiozidi 10 majini kwa wakati mmoja. Hata kama kisiwa chako hakina sheria hiyo, ifuate tu, ni nzuri.

Mengine ya boti kwa kifupi: hesabu maboya na vichwa, uliza redio au simu iko wapi, na kama unaumwa na bahari dawa inamezwa kama saa moja kabla ya kuondoka, sio ukishaanza kutapika. Kaa nyuma katikati, angalia upeo, weka simu mfukoni.

Hatua ya 5: maji yakikauka, tembea

Hii shughuli haipo kwenye ubao wa hoteli nyingi na ni ya bure, na kwa watoto hakuna inayoishinda. Siku za bamvua mwamba unabaki wazi na vidimbwi, kila kidimbwi kina dunia yake: viti vya pweza, majongoo bahari, kaa, samaki wadogo waliobaki wanasubiri maji yarudi.

Anza kama saa moja kabla ya kupwa kabisa, fuata maji yanavyorudi nyuma, na yakishafika mwisho geuka wewe. Usisubiri uone yanarudi. Sababu ni kwamba maji hayaji kwa mbele kama ukuta, yanapita kwanza kwenye ile mifereji iliyo nyuma yako, unakuwa bado umesimama pakavu unapiga picha na kati yako na ufukwe tayari kuna maji ya kiunoni yanayokimbia. Weka alamu kwenye simu.

Viatu vya soli ngumu ni lazima, kuna wale wanyama weusi wa duara wenye miba mirefu na kuna samaki jiwe ambaye amejificha kama jiwe kweli na miba yake ya mgongoni ina sumu kali. Kwenye maji ya mchanga buruta miguu, usiinue, yule samaki bapa anayeitwa taa, akiwa amejifukia, atahisi mtetemo aondoke. Na konokono wa baharini mwenye gamba zuri la umbo la pia mwache hapohapo, kuna jamii yao wanachoma kwa mshale wenye sumu inayoweza kuua mtu, usimtie hata mfukoni. Ukichomwa na samaki jiwe au taa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 mpaka 90 huku unatafutiwa usafiri wa hospitali. Konokono ni tofauti, huyo hospitali mara moja, kiungo kikiwa kimetulizwa kisicheze.

Hatua ya 6: mchana kaa kivulini bila kujilaumu

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni jua la tropiki sio la kuchezea, kipimo cha miale yake mara kwa mara kinapita 11 ambacho ndo daraja la juu kabisa. Wingu jembamba halikusaidii, miale mingi inapita. Krimu irudiwe kila masaa mawili na kila ukitoka majini. Hapo katikati ndo pa kulala kwenye bembea ya kamba, kusoma kitabu, kukandwa, karata, bwawa lenye kivuli. Kuna watu wanaona kupumzika ni kupoteza hela waliyolipa, matokeo yake siku ya pili mabega yamebabuka na siku tatu zilizobaki wanashinda chumbani na feni.

Hatua ya 7: kayaki, ubao wa kasia na upepo

Vitu vya kupiga kasia ni vya asubuhi mapema au jioni upepo ukishalala. Kaiti (ubao unaovutwa na tiara) na matanga ni vya alasiri. Wanaopangia wateja kinyume wapo, kwa hiyo amua mwenyewe.

Kanuni yake ni kwamba unaanza kwa kwenda upepo unakotoka. Unaumia mwanzo una nguvu, alafu unarudi umesukumwa. Wengi wanafanya kinyume, wanateleza na upepo dakika ishirini wanajiona wataalamu, kurudi inachukua saa nzima na mikono imekufa. Upepo wa hatari zaidi ni ule unaotoka nchi kavu kwenda baharini, manake karibu na ufukwe maji yanaonekana bapa kabisa, yanakuita, na kila mita unayoenda nje unazidi kushika kasi. Kabla hujaingia rusha mchanga kidogo juu uone unaenda wapi. Ukiuona unaenda baharini, siku hiyo acha.

Kwenye ubao wa kasia, ule unaopiga kasia umesimama juu yake, funga ile kamba ya mguuni. Upepo ukikuzidi piga magoti au lala kifudifudi upige kasia kwa mikono, na usiuache ubao hata ukiona ufukwe uko karibu, ubao unaelea siku nzima, wewe hapana. Na kama kuna mikoko karibu ipite na kayaki maji yakijaa, ukichelewa utakwama kwenye tope mpaka maji yarudi.

Hatua ya 8: ule mfereji

Tulisema uuweke akilini. Ufukwe wenye mwamba mbele, maji yanayoingia juu ya mwamba kwa mawimbi lazima yapate pa kutokea, na yanatokea kwenye milango ya mwamba, hasa yakiwa yanapwa siku za bamvua. Ufukwe wa wazi nao una mikondo inayorudi nje katikati ya mawimbi, unaiona kama njia laini isiyo na povu, na mtu asiyejua anaichagua hiyohiyo kwa sababu ndo inaonekana tulivu. Mkondo wenye nguvu unaweza kufika mita 2 na nusu kwa sekunde, hata muogeleaji wa Olimpiki haushindi.

Ukishikwa, usigombane nao kuelekea ufukweni. Elea, pumua, inua mkono uite. Mkondo hauvuti chini, unakupeleka nje tu, na hauna upana mkubwa. Ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka uhisi haukuvuti tena, alafu rudi kwa pembeni ambako mawimbi yanavunjika. Wafundishe watoto hili wakiwa nchi kavu, na wakiwa majini wawe umbali wa mkono wako, sio umbali wa macho.

Hatua ya 9: usiku

Kila mtu anaenda kwenye muziki wa hoteli, sawa, ila usiku mmoja toka. Kama mwezi umefifia nenda mwisho wa bichi ambako taa hazifiki, zima simu, yape macho dakika ishirini hivi ya kuzoea giza. Karibu na ikweta unaona nyota za kaskazini na za kusini kwa pamoja, msalaba wa kusini na dubu mkubwa kwa usiku mmoja kwenye miezi ya Aprili na Mei, kitu ambacho watu wengi wa Ulaya na Marekani kwao hawakipati. Sehemu nyingine ukikoroga maji kwa mkono yanawaka bluu, ni viumbe vidogo sana vinavyotoa mwanga vikiguswa. Inayosifika zaidi ni ghuba ya Mosquito kule Vieques, Puerto Rico, huko wanaruhusu kayaki ila kuogelea ni marufuku kwa ajili ya kuvilinda.

Msimu wa kasa kutaga usiende na tochi nyeupe. Kasa mama akiona mwanga anageuka na mayai yake, na vifaranga wanafuata mwanga mkali wakidhani ndo bahari, wanaishia kwenye bustani ya hoteli. Ukiwa na chumba kinachoangalia ufukwe vuta pazia. Kama kuna mwongozaji wa mradi wa kasa nenda naye, kaa nyuma ya kasa, hakuna flashi.

Hatua ya 10: daivingi iweke mwanzo wa likizo

Kama hujawahi, ile ya kujaribu na mwalimu inatosha, haizidi mita 12, na kozi ya kwanza ya cheti inakupeleka mpaka mita 18. Watoto wanaanzia miaka 10. Jaza fomu ya afya kwa ukweli, pumu na moyo sio vya kuficha, na mafua yakiwa yamekubana siku hiyo usishuke. Sheria mbili kubwa: usizuie pumzi hata mara moja, na sawazisha masikio mapema kabla hayajauma, kwa kubana pua na kupuliza taratibu. Yakigoma panda kidogo ujaribu tena, usilazimishe.

Kwa nini mwanzo? Kwa sababu ya ndege. Nitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inahitaji muda wa kutoka, na hewa ya ndani ya ndege ina mgandamizo mdogo, ukipanda mapema inatoka kama mapovu na hiyo ni hatari kweli. Mbizi moja ya kawaida subiri angalau masaa 12, mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo angalau 18, na binafsi nashauri 24 ukalale kwa amani. Ndege yako ikiwa saa mbili asubuhi, masaa 18 nyuma yake ni saa nane mchana ya jana, baada ya hapo mtungi usiuguse. Na kumbuka milima pia ni ndege, visiwa vya volkano watu wanapiga mbizi asubuhi alafu mchana wanapanda gari kuangalia machweo kileleni. Haleakalā kule Maui ina mita 3,055. Panga mlima kwanza, mbizi baadaye, au weka siku katikati.

Snokeli ya juujuu haina shida hiyo, kwa hiyo asubuhi ya kuondoka kama jedwali linasema maji yanajaa mapema ingia mara moja zaidi, ila toka masaa mawili kabla ya gari la uwanjani, suuza miwani na mapezi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaanike kivulini sio juani manake jua linaua mpira, na nguo zilizolowa zitie mfuko wake peke yake.